Ng'ombe Kwanza, Nyati Baadaye: Mazungumzo na Watembeaji wa Njia za Meru

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, na vijana mliokwisha kufunga mabegi kana kwamba safari ni leo: wakubwa shikamooni, wadogo habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie wanyama hatari wa njiani, na tunajua neno hilo likitajwa hapa Arusha kila mtu anamwaza nyati wa Momella, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Nyati tutamfikia. Lakini kabla ya lango la hifadhi, njia ya kesho inapita kwenye migomba, mashamba ya mahindi na malisho ya wazi, na malishoni kuna ng'ombe. Nyati mtamkuta mkiwa kimya, mmepangwa mstari, askari mwenye bunduki mbele yenu. Ng'ombe mtamkuta mnacheka, mmoja ana biskuti mkononi na mwingine anatafuta pa kusimama apige naye picha. Ndiyo maana tunaanza na ng'ombe, na tutakaa naye kuliko wote.

Ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, jike, ana kilo 200 hadi 300 hivi. Dume la Friesian lililokomaa huweza kufika tani moja. Hakuna mtu anayeshindana kwa nguvu na uzito huo, hata wa yule mdogo. Tunachoweza kufanya ni kumfahamu.

Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu duara zima kumzunguka, ila sehemu ya nyuma ya mkia haioni kabisa, na mbele ya pua pana kipande kidogo kinachompotea. Kupima umbali kwake ni kazi, kwa hiyo kitu kinachochomoka ghafla hukihesabu kuwa kiko karibu na ni kibaya. Usimjie kwa nyuma. Ukilazimika kupita huko, ongea, imba, piga mluzi, ilimradi ajue ulipo kabla hujamkaribia. Na teke la ng'ombe si kama la punda. Punda hutupa miguu yote miwili ya nyuma moja kwa moja. Ng'ombe huuleta mguu mbele kisha huuzungusha ubavuni, kwa hiyo anayesimama karibu na paja akidhani amejitenga na hatari, amesimama palepale teke linapopita.

Kila ng'ombe pia ana duara lake lisiloonekana. Ukiliingia, anaondoka, ukitoka, anasimama. Ukiliingia ukiwa mbele ya bega lake, anarudi nyuma. Ukiwa nyuma ya bega, anasonga mbele. Mchungaji wa miaka kumi anaijua hesabu hii bila kufundishwa darasani, ndiyo maana anaendesha ng'ombe arobaini kwa fimbo moja ambayo hampigi nayo hata mmoja. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa bandani duara lake ni dogo mno, unaweza kumshika pembe. Wa malisho ya wazi duara lake ni mita nyingi. Ubaya unaanza pale mtu anapoingia ndani ya duara na mnyama hana pa kutokea: nyuma ukuta wa korongo, pembeni ua wa minyaa, mbele watu kumi na wawili wenye mabegi ya rangi. Hapo anatokea kupitia kwenu.

Tuwataje wale wa kuangaliwa zaidi.

Wa kwanza ni jike aliyezaa karibuni. Siku za mwanzo ndama hulala amejificha kwenye majani na mama yake hula umbali kidogo. Mtembeaji anamwona mama, anaona nafasi kubwa upande wa pili, anapita huko, kumbe amejipenyeza kati ya mama na mtoto. Ukimwona jike amesimama peke yake mbali na kundi, kiwele kimejaa, anatazama sehemu moja mara kwa mara, chukulia kuwa ndama yuko hapo anapopatazama. Zunguka upande wa pili, hata kama ni mbali. Na ukikuta ndama peke yake, usimshike na usimwonee huruma. Hajapotea.

Wa pili ni mitamba. Hawa hawana nia mbaya, wana udadisi tu. Wakiona watu wapya hukusanyika na kuwafuata, kwanza polepole, baadaye mbio. Watu nao hukimbia, na mitamba wakiona wamekimbiwa hunogewa. Kinachowasimamisha ni kugeuka, kuwatazama na kunyoosha mikono pembeni. Wakisimama, mnarudi nyuma hatua kadhaa, mnageuka tena. Mkikimbia, yeyote atakayejikwaa atakanyagwa na mnyama ambaye hata hakuwa na hasira.

Wa tatu ni fahali. Lililokulia kundini, pamoja na majike, kwa kawaida lina shughuli zake. La kuogopwa zaidi ni lile lililolelewa peke yake kwa chupa na kuzoeshwa watu tangu likiwa ndama. Huyo hakukua akijua kwamba mtu si ng'ombe mwenzake, na akikomaa atakupima ubabe kama anavyompima fahali mwingine. Wanaosema mafahali wawili hawakai zizi moja wanasema kweli ya mfugaji: wakianza kusukumana, anayeshindwa hukimbia bila kuangalia nani yuko njiani. Mkiwasikia wawili wanapigana, ondokeni mapema, na msisimame upande ambao mmoja wao ana nafasi ya kutorokea.

Fahali halishambulii bila kutoa habari, tatizo ni kwamba habari yenyewe hatuisomi. Kwanza linageuka ubavu. Wengi huona linaondoka, lakini sivyo: linaonyesha urefu wa mwili wake. Shingo linaikunja, kichwa kinashuka, nywele za mgongoni zinasimama, macho yanatoka. Kisha linaparura ardhi kwa kwato za mbele na kujirushia udongo, na kuguna kwa sauti nzito. Mwisho linakukabili uso kwa uso, kidevu kimevutwa ndani, paji likiwa mbele. Kichwa kilichoinuliwa na masikio yaliyosimama mbele ni udadisi. Kichwa kilichoshuka na paji lililoelekezwa kwako ni onyo. Ukijifunza kutofautisha hayo mawili tu, umepata nusu ya somo la leo.

Likishageuka ubavu tu, ondoka hapohapo, usingoje udongo urushwe. Rudi nyuma ukilitazama, kwa mshazari, kuelekea kwenye ua, mti, jiwe kubwa, kitu chochote kitakachokuwa kati yenu. Usiligeuzie mgongo na usikimbie mpaka pa kujificha pawe karibu hatua chache. Fimbo ishike kwa kulala, ikuongezee upana. Usiitumie kumchapa usoni mnyama ambaye bado anaamua. Likija kweli, tupa begi, koti au kofia pembeni, mbali na wewe. Mara nyingi husimama kukipiga pembe kilichoanguka, nawe unapata sekunde unazozihitaji. Ukiangushwa, kinga kichwa kwa mikono, viringika kuelekea kwenye ua au mtaro, upite chini ya waya ukiweza. Usisimame katikati ya uwanja.

Tuseme pia juu ya nguo nyekundu, maana kila safari lazima mtu aulize. Ng'ombe haioni nyekundu kama tunavyoiona sisi. Kinachomsumbua ni kitu kinachopepea na kinachoruka ghafla. Kama nyekundu ingekuwa tatizo, Wamaasai wangekuwa wamekwisha kuacha ufugaji zamani, maana lubega nyekundu iko katikati ya ng'ombe kutwa nzima.

Mbwa ndiye tatizo lenyewe. Kwa ng'ombe, mbwa ana umbo la fisi na mwendo wa mbwa mwitu, na jike mwenye ndama hatangoja maelezo. Kanuni yetu ni kumwacha mbwa nyumbani. Aliyekuja naye amfunge kamba fupi malishoni, lakini ng'ombe wakija kwa kasi, aiachie kamba. Mbwa atawashinda mbio. Watu huumizwa kwa kumshikilia au kumbeba, kwa sababu anayetafutwa wamemkumbatia wao.

Sasa njia yenyewe. Kuanzia saa nne asubuhi hivi mifugo hushuka kunywa maji, na jioni hurudi bomani, na njia huwa nyembamba, ua huku na huku. Mkikutana na kundi hapo, msipenye katikati. Sogeeni wote upande mmoja, msigawanyike, na kama njia iko mteremkoni simameni upande wa juu, ili ng'ombe akisukumwa na wenzake asiwatupe korongoni. Nyamazeni, waacheni wapite wao. Kabla ya hapo msalimieni mchungaji, hata akiwa mtoto, na mwulizeni: dume liko wapi, nani amezaa, tupite upande gani? Anayajua yote matatu. Akiwaambia ngojeni, ngojeni. Fito za zizi au lango mliloliondoa lirudishwe kama mlivyolikuta.

Jambo moja la mwisho juu ya ng'ombe, halisemwi vya kutosha. Kichaa cha mbwa huwapata ng'ombe pia. Ukimwona anatokwa na udenda mwingi, analia kwa sauti iliyokwaruza, anayumba au anavamia hata miti, usimsogelee, na kwa vyovyote usiingize mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na gunzi. Mjulishe mwenye mali na mtaalamu wa mifugo wa kata.

Tukiingia hifadhini, mambo yanabadilika. Hifadhi ya Taifa ya Arusha haina simba, na jambo hilo huwapa watu ujasiri usiotakiwa, kwa sababu ina nyati wengi, na tembo pia. Kutembea humo ni pamoja na askari mwenye silaha, na mpangilio ni wake. Mstari mmoja, yeye mbele, hakuna anayechepuka kujisaidia bila kusema. Akiinua mkono mnasimama. Hamwulizi kwanza kuna nini.

Nyati aliyekomaa ana kilo 500 hadi 900, na mbio zake hufika kilomita 50 na zaidi kwa saa. Kundi kubwa linalokula uwandani si la kuogopesha sana: litawatazama, litanusa, litaondoka. Wa hatari ni madume wazee waliokwisha kuachana na kundi, mmoja au wawili watatu, wamelala kwenye tope au kivulini tangu asubuhi jua likipanda. Hawana kundi la kuwaonya wala haraka ya kukimbia. Wakishtuliwa karibu, wanakuja. Dalili zao ni kinyesi kibichi kama cha ng'ombe, tope mbichi kwenye magome ya miti, na ndege wanaokula kupe. Ndege hao wakiruka kwa kelele kutoka kwenye kichaka ambacho hamuoni kitu ndani yake, kichaka hicho kina mwenyewe.

Upepo ndio unaoamua. Waongozaji wengi hubeba majivu kwenye kitambaa chepesi. Wanakitikisa, majivu yanaonyesha hewa inakokwenda. Anayetaka kuwaona wanyama hutembea upepo ukimpiga usoni. Anayetaka tu kupita salama kwenye kichaka kinene, ni afadhali upepo umtangulie na harufu yake, na aongee kwa sauti ya kawaida, nyati apate muda wa kuondoka. Njiani kutoka Momella kupanda kibanda cha Miriakamba, mlimani Meru, kuna vipande vya msitu vya namna hiyo. Simu ya mtu inayopiga muziki ndani ya begi haifanyi kazi hiyo, inawakera wenzake tu.

Nyati akija, na askari amesema kimbilieni mti, pandeni mti wowote unaowabeba, mita mbili na zaidi. Kama mti hakuna, jambo la mwisho kabisa linalobaki ni kulala kifudifudi mmejibana kwenye shimo au nyuma ya gogo, kwa sababu pembe zake hupata shida kumnyanyua aliye chini kabisa. Hatusemi ni salama. Tunasema ni afadhali kuliko kusimama.

Kwa tembo, mita 100 ndio umbali wetu wa chini, na dume ambalo kati ya jicho na sikio linatiririka majimaji meusi, mkojo ukidondoka kwenye miguu ya nyuma, liongezeeni mara mbili au tatu. Limo katika kipindi cha kutafuta majike na halina subira. Tembo anayetandaza masikio, anapiga kelele, anatikisa kichwa na kusimama ghafla, kwa kawaida anatisha. Simameni pamoja, rudini taratibu. Aliyelaza masikio nyuma, amekunja mkonga chini ya kidevu na anakuja kimya, huyo hatishi.

Wenzetu mnaopenda kuvuka Namanga kwenda Naivasha, ambako kwenye hifadhi ya Hell's Gate watu hutembea na kuendesha baiskeli, nyati wa kule ni walewale, ila askari wa kuwatangulia mara nyingi hamna. Na kandokando ya ziwa kuna kiboko. Usiku hutoka majini kula majani, hata kilomita kadhaa, na alfajiri hurudi. Mapito yake yanatambulika: mifereji miwili sambamba na tuta la majani katikati, kwa sababu miguu yake imetengana sana na tumbo halikanyagi. Kinyesi kimetapakaa vichakani pande zote, maana hukipiga kwa mkia. Hema halipigwi hapo, wala mtu hatembei hapo kuanzia machweo hadi jua litoke. Nchi kavu anakimbia kilomita 30 kwa saa, na akishtuka anakwenda moja kwa moja kwenye maji. Ukiwa kati yake na maji, toka kwa pembeni, si kwa kurudi majini.

Nyoka tumwelewe kwa kumtaja mmoja, kifutu. Koboko akisikia mtetemo wa miguu mara nyingi huondoka. Kifutu haondoki. Anategemea rangi yake, anatulia njiani kama jani kavu, na anamgonga anayemkanyaga. Kwa hiyo viatu vifunike kifundo cha mguu, suruali iwe ndefu, usiku tochi imulike chini. Gogo usilivuke kwa hatua moja: panda juu yake, tazama ng'ambo, ndipo ushuke. Kuni usiokote bila kuzigeuza kwa fimbo.

Aliyegongwa alazwe, atulie. Pete, saa na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe. Mguu ufungwe kwenye vijiti usichezecheze, kama mguu uliovunjika, na mgonjwa abebwe hadi hospitali. Asitembee mwenyewe ikiwa kuna namna nyingine. Msichanje, msifyonze, msifunge kamba ya kukaza damu, na jiwe jeusi la nyoka liacheni sokoni, halivuti sumu yoyote. Kamba ya kukaza kwenye jeraha la kifutu ndiyo mara nyingi inayomgharimu mtu mguu wake. Nyoka msimfukuze kumkamata. Picha ya mbali inatosha, na ikikosekana si kitu. Swila akikutemea machoni, mimina maji safi mfululizo dakika 15 hadi 20, ukope umefunuliwa, kisha hospitali. Maji yakikosekana, maziwa yanafaa.

Nyuki: ukisikia mvumo unaongezeka, usipunge mikono. Nyuki aliyepondwa hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, na harufu hiyo inawaita wengine. Vuta shati lifunike uso, kimbia, na hapa tunasema kimbia kweli, mita mamia, mpaka nyumba, gari au kichaka kinene. Usiruke majini, watakungoja juu. Miiba kwangueni mara moja kwa ukucha au kadi, haraka ndiyo muhimu kuliko namna.

Ukikutana na mbwa wa bomani, simama, usimkazie macho, acha fimbo ishuke chini kati yako na yeye, mwite mwenyeji. Akikuuma au kukukwaruza hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukizihesabu kwenye saa, bila kupunguza, kisha siku hiyohiyo nenda kupata chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakuna hospitali inayokitibu. Chanjo ina siku zake, na ukiruka moja umeacha mlango wazi.

Huko nje ya hifadhi, mwanakijiji akijeruhiwa na mnyamapori, kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 zinatoa malipo yaitwayo kifuta machozi, na mazao yakiharibiwa ni kifuta jasho. Taarifa ianzie ofisi ya kijiji bila kuchelewa. Tunalitaja kwa sababu mara nyingi mtembeaji ndiye mwenye simu yenye chaji na picha ya tukio.

Basi kwa kesho. Kila kundi la watu wanane libebe bandeji mbili za upana wa sentimita 10, kipande cha sabuni, lita moja ya maji ya kuoshea ambayo hayanywewi, tochi, filimbi na simu moja iliyozimwa kwa akiba. Waliokwisha kutembea njia hii wawe wa kwanza na wa mwisho kwenye mstari, wageni katikati. Filimbi moja ndefu ni simameni, mbili fupi ni rudini mlikotoka. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu, tufike kwenye malisho kabla mifugo haijaanza kushuka mtoni. Mwenye mbwa kwenye gari aseme sasa, tujue anabaki na nani.